Kadiri Utumiavyo: Huyo "U" Ni Nani?

Mashirika ya umma hayasifiki kwa ufasaha, lakini TANESCO ina sentensi moja ambayo mpenzi wa Kiswahili anaweza kuisoma bila kukunja uso: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Maneno manne tu. Kitenzi cha amri kinafungua, kirejeshi cha namna kinafunga, na katikati kimekaa kipimo. Mita za LUKU zilipoanza kufungwa nchini katika miaka ya 1990, jina lenyewe lilitosha kuwa mkataba. (Vijana wa mjini wameliongezea neno hilo maana nyingine, ya mavazi na mwonekano, na ukisikia fulani "ana luku" usidhani anadaiwa umeme. Hilo tuliache kwa siku nyingine.)

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, naomba leo tusimame kwenye kiambishi kimoja cha sentensi hiyo: u- ya "utumiavyo". Ni nafsi ya pili, umoja. Sentensi haisemi "mtumiavyo". Haisemi "watumiavyo jirani zako". Inamwambia mtu mmoja kwamba atalipia alichokitumia yeye, kwa kadiri aliyokitumia. Nashikilia kwamba haki ya mpangaji katika ugomvi wa umeme na maji imo karibu yote ndani ya u- hiyo, na kwamba wapangaji wengi huipoteza kwenye maneno, muda mrefu kabla hawajaipoteza mbele ya baraza lolote.

Naandika nikiwa Namasakata, huku Ruvuma. Wanaopanga huku si wengi, na aghalabu ni watumishi walioletwa na barua ya uhamisho: mwalimu, muuguzi, bwana shamba. Chumba hutafutwa kwa kuulizana, hupatikana siku hiyohiyo, na mkataba wake mara nyingi ni wa mdomo. Ugomvi wenyewe, hata hivyo, umekomaa zaidi Songea mjini, katika kata kama Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki na Msamala, ambako nyumba moja huwa na milango sita na kila mlango una familia yake. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia kubwa ya umeme kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji uliishi kwa majenereta ya dizeli. Giza likiwa la zamu hakuna mengi ya kugombania. Umeme wa kudumu ulipofika, yakafika majokofu, zikafika pasi na majiko ya umeme, na likafika swali: nani katumia nini?

Tufanye hesabu kidogo, maana ushairi nao ni hesabu. Asiyeweza kuhesabu mizani hawezi kudai kwamba mshororo umepungua. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na kudumu miaka mingi, mteja wa majumbani anayetumia umeme mdogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100. Mteja wa kawaida anayepita hapo huuziwa kwa shilingi 292. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya REA, asilimia 3, na tozo ya EWURA, asilimia 1. Mkononi, basi, uniti ni shilingi 122 kwa yule wa kwanza na kama shilingi 356 kwa yule wa pili.

Sasa tuseme nyumba ina wapangaji sita. Kila mmoja ana taa tatu, televisheni ndogo na chaja ya simu, na kila mmoja anatumia uniti 15 kwa mwezi. Kama kila mlango ungekuwa na mita yake, kila mpangaji angelipa shilingi 1,830. Lakini mita ni moja. Mita haioni milango. Inaona uniti 90, inamwona mteja mmoja mkubwa, na mteja huyo hukaa kwenye daraja la bei ya juu. Jumla inakuwa shilingi 32,040, na kila mlango unatoa 5,340. Ni karibu mara tatu, na hakuna aliyeiba. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge imepotea kwa sababu wanyonge sita wamehesabiwa kuwa tajiri mmoja. Na hapo sijamtaja mpangaji wa saba, aliyepangishwa fremu ya saluni upande wa barabarani na kuunganishwa kwenye mita hiyohiyo, ambaye dirayeri yake hunguruma tangu asubuhi huku naye "akichangia" sawa na mjane mwenye taa moja.

Hilo neno "kuchangia" ndilo lenye madhara kuliko yote. Katika Kiswahili chetu, mchango ni jambo la hisani. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, tunachangia ada ya mtoto wa jirani. Mtoa mchango haulizi hesabu. Akiuliza, anaonekana mchoyo. Anayelipa deni huuliza, na mdai humjibu. Lugha imetenga vitenzi hivi viwili kwa makusudi: kulipa kuna pande mbili, na kila upande una haki juu ya mwenzake; kuchanga kuna kundi, na haki ya pekee ya mwanakundi ni kusifiwa. Kwa hiyo mama mwenye nyumba anapobisha hodi tarehe tano na kusema, "Mwanangu, mchango wa umeme mwezi huu ni elfu saba," amekwisha kushinda kesi kabla haijafunguliwa. Mpangaji anayeuliza "elfu saba imetokana na uniti ngapi?" amesikika kama mtu aliyeuliza msibani kwamba jeneza lilinunuliwa wapi na kwa bei gani.

Angalieni pia jinsi anavyoitwa. Baba mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba. Naye humwita mpangaji mwanangu. Asubuhi kuna shikamoo na marahaba, kuna kuulizana hali ya watoto, na siku ya ugonjwa ni yeye atakayekuitia bodaboda. Sisemi adabu hiyo iondoke. Nyumba ya kupanga isiyo na utu ni gereza lenye kodi. Ninasema kwamba si rahisi kumdai stakabadhi mtu uliyemwamkia shikamoo, na kwamba wenye nyumba, wengi bila kukusudia, huishi katika faida ya ugumu huo. Katika mikataba ya maandishi wahusika huitwa mpangishaji na mpangaji. Tofauti yao ni silabi moja, ile -sh- ya kusababisha, na kwa silabi hiyo wanasimama uso kwa uso kama watu sawa waliokubaliana jambo. Ningependa kila mpangaji awe na majina yote mawili kinywani: la shikamoo kwa asubuhi, na la mkataba kwa siku ya bili. Inawezekana kabisa kusema, "Shikamoo mama. Naomba nione ujumbe wa LUKU wa mwezi huu." Sentensi ya kwanza haifuti ya pili.

Ujumbe huo si siri ya mtu. Kila umeme unaponunuliwa, huja tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na pamoja nazo kiasi cha fedha, idadi ya uniti, kodi na tozo zilizokatwa. Anayekudai pesa ya umeme anao ujumbe huo kwenye simu yake, au hakununua umeme. Vivyo hivyo maji. SOUWASA, mamlaka ya maji ya Songea, huandika ankara kwa kila mteja kulingana na mita yake, na ankara ina usomaji wa mita uliopita, usomaji wa sasa, na tofauti kati yao. Mpangaji anaweza kwenda kuitazama mita bombani, akalinganisha. Nimeshangaa mara nyingi kuona watu walio tayari kubishana saa nzima juu ya vina vya kati katika tarbia ya mwenzao, lakini wanaolipa ankara ya maji kila mwezi bila kuiona kwa macho.

Maji yana ugomvi wake wa pekee: kugawa kwa chumba au kwa kichwa. Kwa chumba, bachela anayeoga mara moja na kufua Jumapili hulipa sawa na familia ya watu saba. Kwa kichwa, huanza mjadala wa vichwa. Mtoto anyonyaye ana kichwa? Nepi zake zinao. Mgeni wa siku mbili ahesabiwe, au angojwe siku ya tatu apewe jembe na bili? Mimi ninaegemea kichwa kuliko chumba kwa maji, ingawa neno hilo lina historia chungu, maana wazee wetu walitozwa kodi ya kichwa na wakoloni na hakuna aliyeisahau. Lakini vyovyote wapangaji watakavyochagua, wachague kabla ya bili, kwa kikao, na waandike. Kanuni inayotungwa baada ya bili kufika daima humpendelea anayeitunga.

Nimetaja kodi. Hapa lugha yenyewe inatudai. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvitenganisha: fedha anayolipwa mwenye nyumba na fedha inayolipwa serikali. Kwa miaka mingi utata huo haukuumiza mtu, kwani muktadha ulitosha. Ukisema "nadaiwa kodi," ukiwa na mama mwenye nyumba mlangoni, inajulikana. Ukiwa na ofisa wa TRA dukani, inajulikana pia. Kisha ikafika tarehe 20 Agosti 2021, serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda, hata nyumba ya kawaida ikawa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Fedha hukatwa mtu anaponunua umeme. Mita hiyo haijui nani mmiliki na nani mpangaji. Inamjua aliyenunua.

Kwa hiyo mpangaji siku hizi hulipa kodi mbili zenye jina moja: ya pango kwa mwenye nyumba, na ya jengo kwa niaba ya mwenye nyumba. Wakati ule maofisa wa serikali walieleza kwamba anayedaiwa kodi ya jengo ni mmiliki, na kwamba mpangaji aliyekatwa aelewane na mwenye nyumba wake. Aelewane! Kitenzi hicho ni kitamu, lakini hakimwambii mtu aanzie wapi. Kwenye nyumba ya mita moja na wapangaji sita wanaonunua kwa zamu, anayenunua wa kwanza mwezi unapoanza ndiye anayemlipia mwenye nyumba kodi yake, na haihitaji hekima kubwa kutabiri kwamba tarehe mosi kila mtu atakuwa na dharura, au atasema bado hajapokea mshahara, mpaka taa zizime.

Shilingi 1,500 ni ndogo, najua. Ni bei ya chai na chapati kadhaa. Lakini 18,000 kwa mwaka, kwa mtu aliyelipa pango la miezi sita kwa mkupuo, ni fedha anayoidai, na hapa nachagua neno kwa makini: anaidai. Ameilipa kwa niaba ya mwingine. Mwingine huyo ana deni lake. Kama tungekuwa na mazoea ya kusema "pango" kwa ile ya mwenye nyumba na kuiachia serikali "kodi" peke yake, sentensi ingekuwa nyepesi kutamka: "Mama, nimekulipia kodi, naomba uipunguze kwenye pango." Ijaribuni sentensi hiyo kwa neno moja kwa vyote viwili, "nimekulipia kodi, ipunguze kwenye kodi," muone inavyokwama kooni. Neno pango lipo, ni la kwetu, limetokana na kupanga, na kamusi inalo. Najua pia ni shimo la mlimani analolala chui. Sioni kwamba hiyo ni sababu ya kulikataa, hasa nikikumbuka baadhi ya vyumba.

Songea, kwa njia, si mji mgeni wa neno kodi. Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa machungu yaliyolea Vita vya Majimaji. Viongozi wa Wangoni walionyongwa Februari 1906 wamezikwa Mahenge, hapo mjini, kwenye makumbusho. Simfananishi mwenye nyumba na gavana. Nasema tu kwamba mji wenye kumbukumbu hiyo unastahili kuwa makini na nani anatozwa, kwa jina lipi, na kwa ajili ya nyumba ya nani.

Sasa sheria. Zamani Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, yenye mabaraza yake ya kuamua kodi halali na migogoro ya wapangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Kenya bado ina sheria na baraza la namna hiyo, ingawa kiwango chake kimebaki pale pale, nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za huko, hata leo chumba cha mjini kinachostahili ulinzi huo hukitafuta kwa tochi. Kwetu, baada ya 2005, ngao ya mpangaji imebaki Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na mkataba wake mwenyewe. Sheria ya Ardhi inamtaka mpangishaji amwache mpangaji anayelipa na kutimiza masharti akae kwa utulivu katika alichopangishwa. Mimi siwezi kuuona utulivu mahali ambapo mtu aliyelipa pango lake hadi Desemba anazimiwa swichi kuu mwezi Juni kwa sababu aliuliza hesabu ya umeme. Deni la umeme lenye ubishi ni jambo moja, na haki ya kukaa ndani ni jambo jingine. Kulichukua la kwanza kuwa fimbo ya la pili ni ubabe.

EWURA watu huitaja kama kimbilio la kila lalamiko la umeme na maji. Ndiyo mdhibiti, na mteja mwenye ugomvi na TANESCO au mamlaka ya maji hufika huko baada ya kulalamika kwanza kwa mtoa huduma. Lakini mteja ni nani? Ni yule ambaye mita imeandikwa jina lake, yaani mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha tatu hayumo katika daftari hilo. Ile u- ya "utumiavyo" imemruka, ikatua kwa asiyetumia. Ugomvi wake unabaki wa mkataba kati yake na mpangishaji, na njia yake ni ya chini kwa chini: mwenyekiti wa mtaa au kitongoji kwanza, kisha baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena mashauri ya ardhi; linasuluhisha, na limepewa siku 30. Likishindwa, ndipo shauri hupanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mtu wa kijijini, nauli tu ya safari hiyo inaweza kuuzidi umeme anaougombania. Ndiyo maana naweka uzito wote kwenye mkataba.

Na mkataba unatuhusu sisi, watu wa maneno. Mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini tazameni fomu za mikataba ya kupanga zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Nyingine bado ni za Kiingereza, zinasainiwa na watu wawili ambao wote hawazielewi vizuri. Za Kiswahili nazo zina kifungu kimoja kisichokosekana: mpangaji atawajibika kulipa bili zote. Zote! Kivumishi hiki ni kifupi, na kinakula sana. Bili zote za lini? Za nani? Aliyehama mwezi uliopita akiacha deni la maji la miezi minne, deni hilo liko kwenye akaunti ya nyumba, na mamlaka itakata maji bila kumuuliza mtu aliingia lini. Mpangaji mpya anayesaini "bili zote" anaambiwa baadaye kwamba alisaini na hilo.

Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huu, na ni dawa ambayo lugha nyingi zinatuonea wivu: kirejeshi chenye wakati ndani yake. Zilizotumika. Zinazotumika. Zitakazotumika. Silabi mbili tatu zinatosha kuweka ukuta kati ya deni la aliyehama na la aliyehamia. "Mpangaji atalipa bili zitakazotokana na matumizi yake tangu siku atakayokabidhiwa ufunguo." Hapo "zita-" imefunga mlango wa jana, "yake" imefunga mlango wa jirani. Mwanafunzi wa sekondari anaijua sarufi hiyo. Aliyeandika fomu hakuitumia, na wanaosaini hawakuidai.

Nisimwonee mwenye nyumba. Wapo wapangaji wanaohama usiku kwa toroli, wakiacha deni la maji na kufuli jipya mlangoni. Wapo wanaounganisha jiko la umeme na kulificha uvunguni siku ya ukaguzi. Wenye nyumba wengi wa Songea si matajiri. Ni mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote kwenye matofali, ni mjane ambaye vyumba vinne ndivyo shamba lake. Anapotaja kiasi cha "mchango" bila hesabu, mara nyingi anajikinga na hasara aliyoipata kwa mpangaji wa mwaka juzi. Lakini kinga hiyo inamlipisha asiyehusika, na hata yeye angelindwa vizuri zaidi na maandishi. Mpangaji mtoro hutoroka kirahisi zaidi pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Mathias Mnyampala alituachia ngonjera, na ninaamini hakuna umbo la ushairi linalofaa ugomvi huu kuliko hilo. Pande mbili zinasimama, kila mmoja anasema hoja yake hadi mwisho bila kukatizwa, na mwenzake analazimika kuijibu hoja hiyo hiyo, si nyingine. Nimesikia vikao vya wapangaji uani. Kinachokosekana ni zamu. Mmoja anataja uniti, mwingine anajibu kwa kukumbusha nani alifagia choo. Mwenyekiti wa mtaa angefanya vyema kuwaweka kwenye zamu kama malenga: wewe taja kiasi na ushahidi wake, na wewe jibu kiasi hicho tu.

Kwa wenye kutaka kitu cha kubandika kwenye mkataba wao, nimeandika vifungu vinne. Vichukueni, vikosoeni, virekebisheni:

"Mpangaji atalipia umeme na maji atakayotumia katika sehemu aliyopangishwa, kuanzia siku ya kukabidhiwa ufunguo hadi siku ya kuurudisha. Usomaji wa mita siku hizo mbili utaandikwa na kusainiwa na pande zote.

Hakuna malipo ya umeme au maji yatakayodaiwa kabla mpangaji hajaonyeshwa ujumbe wa LUKU au ankara ya kipindi kinachodaiwa, pamoja na namna mgawo ulivyofanyika.

Pakitokea ubishi, mpangaji atalipa kiasi kisichobishaniwa na kupewa stakabadhi. Kiasi kilichobaki kitasubiri usuluhishi, na huduma haitakatwa kwa sababu ya ubishi huo.

Kodi ya jengo ni ya mpangishaji. Ikikatwa katika umeme ulionunuliwa na mpangaji, itapunguzwa kwenye pango la kipindi kinachofuata."

Wasio na mkataba wa maandishi wanaweza kuanza na picha: siku ya kuingia, piga picha ya mita ya umeme na ya maji kwa simu, mtumie mwenye nyumba picha hizo kwa ujumbe wenye salamu nzuri. Picha yenye tarehe ni shahidi asiyesinzia barazani. Na lipa kila mara unachokikubali, hata kama ni nusu. Anayezuia yote kwa sababu ya ubishi wa nusu humpa mwenzake neno la kusema.

Katika kifungu cha tatu nimeandika "stakabadhi" nilipoweza kuandika "risiti", na nitaulizwa kwa nini. Ni ndugu wa kukabidhi. Mzizi wake una mkono unaopokea ndani yake. Anayekupa risiti amekupa karatasi, anayekupa stakabadhi amekiri kwamba amepokea. Lakini kama mama mwenye nyumba ataelewa "risiti" na kushtushwa na "stakabadhi", andikeni risiti.

Limebaki neno moja. Ile mita ndogo ambayo baadhi ya wenye nyumba, Mungu awazidishie, wameifunga kila mlango ili kila mpangaji aone uniti zake: fundi huiita kwa jina lake la Kiingereza, na wapangaji humfuata. "Mita ndogo" haitoshi, kwa maana mita kubwa nayo inaweza kuwa ndogo kwa umbo. Mimi napendekeza "mita tawi", kama tawi la mti au la benki, na ile ya TANESCO iwe "mita shina". Mwenye pendekezo bora alilete. BAKITA wakiwa na lao, tutalisikia. Ila lisizidi silabi tano, maana litatamkwa gizani.